Mkalimani wa Jini

Khitma ya Bi Mize ilisomwa Wambaa, siku ya tatu baada ya kumzika, na mimi nilikaa ukumbini na wanawake wenzangu, juzuu mkononi, macho kwenye aya na moyo kwengine kabisa. Sikuwa jamaa yake. Waliponiuliza nimekuja kwa upande wa nani nikasema nilikuwa jirani yake zamani, Mkoani, enzi akipika mikate ya mofa. Wakaridhika, na lau wangeuliza zaidi sijui ningejibu nini, maana imepita miaka thelathini na jambo lile sijapata kulitamka mbele ya mtu, hata mume wangu hajui. Tulipofunga juzuu, sauti nyuma yangu ikasema, “Mkalimani, weye?” Jina langu ni Salma, na wanafunzi wangu huniita Mwalimu Salma, lakini Mkalimani niliitwa mwaka mmoja tu wa maisha yangu, na watoto wa mtaa mmoja tu. Nikageuka nikamwona Raya, mjukuu wa Bi Mize, mtu mzima sasa, mnene kidogo, miwani puani, macho yamevimba kwa kulia. Tukakumbatiana. Akaniambia ahsante kwa kuja, Mungu akulipe, na mimi nikaitikia amin, na nikajiona mnafiki mkubwa kuliko wote waliokanyaga nyumba ile.

Mwaka wenyewe ni ule wa kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nakaa Mkoani kwa ami yangu, Ami Seif, kwa ajili ya skuli. Ami alikuwa karudi kutoka Maskati na masanduku yake, na ndani ya sanduku moja mlikuwa na mashine ya geimu na kaseti moja, basi, hakuna ya pili. Mashine ikawekwa ukumbini, chini ya televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na Bi Zuhura, mkewe ami, akatangaza sheria zake. Geimu ni baada ya alasiri mpaka kukaribia magharibi. Anayeingia anawe miguu. Mtu asikalie makochi. Kwa hivyo kila siku, umeme ukiwepo, ukumbi ule ulijaa watoto waliokaa kwenye mkeka na nyayo mbichi, harufu ya udi wa Bi Zuhura imechanganyika na harufu ya samaki aliyekaangwa mchana, na ndani ya kiza cha madirisha yaliyofungwa kile kioo kikimeremeta usoni mwetu.

Geimu ilikuwa kitabu cha katuni. Ukurasa ulijifunua kwenye kioo, umegawika vyumba vyumba kwa mistari myeusi, na stelingi, kijana wa barakoa na joho la zambarau, aliruka kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, na pengine akapasua karatasi akatokea ukurasa wa nyuma. Kote humo ni mambo ya kutisha: popo, mafuvu, milango inayojifunga yenyewe, makaburi yanayotoa mikono. Mwisho wa kila ukurasa hutoka adui mwenyewe, jini refu lenye mkono wa kulia mweusi tii mpaka kiwikoni. Likisimama mbele ya stelingi, geimu yote husita, na juu ya kichwa chake huja wingu jeupe lenye maandishi. Kwa Kiingereza. Ukibonyeza kitufe wingu linaondoka na vita vinaanza. Wenzangu walitaka kujua jini linasema nini, na wakanigeukia mimi, kwa kuwa skuli nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza.

Sasa niseme ukweli ulivyo: Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha viti na meza, mlango na dirisha. Lile wingu sikulijua linasema nini hata herufi moja. Lakini watoto kumi na tano wananitazama mdomoni, na aliyeuliza kwanza ni Kombo, aliyekuwa mkubwa kuliko sote, basi nikasema linasema, mtoto, rudi kwenu, mamako anakwita. Wakacheka, lakini wakasogeleana. Siku ya pili nikaongeza. Nililipa jini sauti nzito ya puani, na nikaligeuza likazungumza Kipemba kama sisi. Kisha nikagundua uchawi wangu mwenyewe: nyumbani kwa ami nasikia kila kitu, kwa hivyo na jini langu nalo likaanza kujua kila kitu. Likamwambia Kombo kuwa ndiye aliyevunja mtungi wa bibi yake akamsingizia paka. Kombo akaruka akatoka nje. Jambo lile nililisikia kwa Bi Zuhura asubuhi yake, akimhadithia jirani dirishani, lakini nani atanijua? Nikaitwa Mkalimani. Nilipita njiani watoto wakinipisha, na sitadanganya, nilipenda mno.

Raya ndiye aliyekuwa bingwa wa kucheza. Sahibu yangu wa dhati, tulikaa dawati moja. Alikuwa akilelewa na bibi yake nyuma ya msikiti, chumba kimoja, kitanda kimoja, na uani tanuri la kupikia mofa. Bi Mize alikuwa na namna yake: anachota donge la unga wa mtama, analipapasa, kisha anaingiza mkono mzima ndani ya tanuri linalowaka na kulibandika ukutani. Kila siku ya Mungu, miaka na miaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua, umekomaa, mweusi zaidi ya mwili wake wote. Tulikuwa tukitoka chuo cha Kurani tunapita kwake, na mofa iliyodondoka ndani ya majivu haiuzi, anaipangusa, anaipaka nazi na sukari, anatugawia. Mara ngapi nimekula kwenye mkono ule. Nikikumbuka joto la kipande kile kiganjani mwangu hadi leo nainamisha kichwa.

Ndani kwa Ami Seif nyakati za chakula zilikuwa nyakati za siasa. Wanaume walikula ukumbini, sisi jikoni, na ukuta baina yetu haukufika juu, kwa hivyo tulikula wali na mazungumzo yao. Nani kahamia chama kipi, nani kaondosha bendera ya nani, duka gani tusinunue, harusi gani tusiende. Mtu akitajwa, kwanza inatajwa rangi ya chama chake. Na mara mbili tatu nilisikia likipita jina la Bi Mize. Mofa zile zile walizokuwa wakizichovya mchuzi walikuwa wakisema mpishi wake hajulikani yuko upande gani, anawauzia hawa na wale, barazani kwake wanakaa hawa na wale. Bi Zuhura, sahani mapajani, akasema mtu asiye na rangi ndiye wa kumwogopa. Nilisikia, nikaweka, kama nilivyoweka habari ya mtungi wa Kombo. Sikuwa na nia mbaya. Lakini niliweka.

Ilikuwa Shaabani, siku ambayo Raya alifika ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuufika. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Jini likatoka, wingu likaja, na nikaanza sauti yangu ya puani. Raya, bila kunitazama, pedi ya geimu mkononi, akasema, “Salma, haya maneno huyajui. Jana wingu lilikuwa hili hili, herufi hizi hizi, na jana ulisema mengine. Wabuni tu.” Alisema kwa upole, kama anayemwambia mwenziwe ushungi umekukaa vibaya. Kweli tupu. Watoto wakanigeukia wote, Kombo akaanza kutabasamu. Ningecheka tu, nikasema eeh nabuni, kwani vipi? Yangekwisha pale pale. Badala yake nikautazama mkono wa jini kwenye kioo, nikasema taratibu, kwa sauti yangu mwenyewe, si ile ya puani: “Jana sikutaka kuwatisha. Linasema, ndugu yangu wa mkono mweusi anakaa kwenu, mnakula mikate yake. Na anayelala naye kitanda kimoja, roho yake inafyonzwa kidogo kidogo.”

Raya aliweka pedi chini kwenye mkeka, polepole, akatazama mikono yake, akainuka akatoka, na watoto wakamgawanyikia njia wasije wakamgusa. Hata kanga yake ilipowapitia waliivuta miguu. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa raha. Nimeshinda. Hakuna tena atakayesema nabuni.

Kisiwani kwetu neno mwanga halisemwi kwa mchezo. Mwanga ni mtu wa uchawi, anayedhaniwa anakula watu bila ya kisu, na mtu akishaitwa hivyo hakuna pa kwenda kulifuta jina. Kufika kesho yake mchana watoto walikuwa hawapiti nyuma ya msikiti. Kesho kutwa mama zao wakatuma mikate kwengine. Mimi nilitaraji watu wazima watacheka, waseme nyie watoto na geimu zenu. Hawakucheka. Si kwamba waliiamini kaseti. Walikuwa wakitafuta sababu ya kumwepuka mtu asiye na rangi, na mimi nikawapa nzuri zaidi ya siasa. Hata wale wa upande wa pili, waliokuwa hawaamkiani na sisi, kwa hili walikubaliana nasi.

Nilipewa nafasi ya pili, na hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana ya kwanza naweza kusema ni utoto na hasira. Ami Seif aliniita ukumbini mbele ya wageni wake. Alikuwa mtu wa haki, ami yangu, na nilimwona hakupendezwa na maneno yanayopita. Akaniuliza, “Salma, mwanangu, umeyasoma kweli hayo, au ni mchezo wenu?” Sauti yake ilikuwa ya kunifungulia mlango. Nikatazama wageni, wazee wanne, vikombe vya kahawa mkononi, wananisubiri. Nikasema, nimeyasoma ami. Akawageukia wenziwe, akawaambia kuwa mtoto huyu Kiingereza chake si cha kubahatisha, anashika nambari moja kila mtihani. Akanisifu. Nikarudi jikoni na sifa zangu nikamalizia kuparuza mbatata.

Siku ya mwisho ya Shaabani, kama ada, watoto tulizunguka nyumba hadi nyumba kutaka radhi kabla ya mfungo. Unabisha hodi, unashika mkono wa mkubwa, unasema nisamehe kwa nilokukosea, naye anakujibu. Wenzangu wote waliiruka nyumba ya Bi Mize. Mimi nilikwenda peke yangu, njia ya nyuma, nikichungulia nisionekane. Alikuwa uani, tanuri baridi, anachambua mtama uliokuwa hauna wa kuula. Akafurahi mpaka akasimama. Nikasema yale maneno ya ada, upesi upesi, na akaupokea mkono wangu kwa ule mkono wake. “Nshakusamehe mwanangu, duniani na akhera. Nawe unsamehe mie.” Nikasema nimekusamehe. Mimi! Nilitoka pale nikajihesabu nimetakasika, kwa kuwa nimeomba na nimepewa, nikala daku kwa furaha. Ilinichukua miaka kufahamu kuwa nilimwibia na hiyo pia. Alisamehe kitu asichoambiwa, na mtu hawezi kusamehe kilichofichwa nyuma ya mgongo wake wakati amekushika mkono.

Ndani ya mfungo Ami alifunga mashine kabatini, na ikaja zamu ya mabakuli. Mkoani, jioni za Ramadhani, mabakuli yalikuwa yakitembea zaidi kuliko watu: huyu anapeleka tambi, yule analeta muhogo wa nazi, na bakuli la watu halirudi tupu, hata ukitia tende tatu. Siku moja Raya alileta bakuli la bibi yake, la udongo, limefunikwa kawa jekundu, ndani mofa na samaki wa nazi. Hakuniangalia. Bi Zuhura alipokea kwa maneno mazuri, akauliza hali ya bibi, akasema mpe salamu zangu. Raya alipopotea kona, Bi Zuhura akatoka uani akawamwagia kuku chakula chote. Kisha akaliosha lile bakuli kwa sabuni, akalikausha, akalirudishia kawa lake na akaniambia mpelekee. Nikauliza, bila ya kitu? Akasema, peleka kama lilivyo.

Nikalipeleka. Bi Mize alinipokea mlangoni, akashukuru, na akafunua kawa mbele yangu, kwa mazoea tu, kuona majirani wamempa nini. Akaangalia ndani ya bakuli. Akaangalia tena, kama aliyehisi labda macho yake ndiyo mabovu. Kisha akafunika taratibu na kusema, “Waambie wamefanya jambo la maana kulikosha. Nami nimewapa kazi.” Adhana ikaadhiniwa, tukasimama pale sote wawili hatuna cha kufuturia mkononi. Akaingia ndani akanitolea tende. Niliishika kiganjani mpaka nikafika kwa ami, na sikuweza kuila. Niliifukia chini ya mpera wa uani.

Baada ya Idi mamake Raya alikuja kutoka Unguja akamchukua. Nilisikia kwa Bi Zuhura kuwa mtoto mwenyewe ndiye aliyelia aondoshwe, kwamba alikuwa keshaacha kulala kitandani na bibi yake, akilala jikoni juu ya mkeka, na kwamba siku ya kuondoka alijificha kwenye gari bandarini ili asimuage bibi yake. Mvua za masika zilipoanza, Bi Mize naye akafunga vitu vyake na kurudi kwao Wambaa. Tanuri likaloa, likabomoka upande mmoja, mbuzi wakalala ndani. Uchaguzi ukaja mwezi wa kumi na mambo yake, ukapita, na watu walipokuja baadaye wakasema mofa nzuri hazipatikani tena Mkoani, hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza. Watu husema nilianza kukipenda tangu mdogo. Ni fedheha iliyonisukuma, si mapenzi; nilitaka nikijue kweli kweli, kana kwamba nikikijua leo nitakuwa nilikijua siku ile. Na mwaka juzi mwanangu alikuwa amelala kwenye kochi na simu yake, anacheza geimu za zamani, nikapita nyuma yake nikaona joho la zambarau. Nikamwambia nipishe. Nikakaa. Nikamtaka anifikishe mwisho wa ukurasa, na jini likatoka na mkono wake, na lile wingu likaja juu ya kichwa, na kwa mara ya kwanza nikalisoma. Mwanangu akaniuliza mama unalia nini.

Sasa turudi Wambaa. Baada ya chakula wanawake walipungua, na Raya na mimi tukajikuta uani, masufuria baina yetu, tunakosha. Akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa, kama watu wanavyosema mikono ikiwa ndani ya maji. Kwamba kila alipokuja Pemba alifikia Vitongoji kwa jamaa wengine, anakuja Wambaa mchana, anasalimu na kuondoka. Kwamba bibi yake kila mara alimtandikia kitanda, na kila mara alisema ntalala siku nyengine. “Mie mtu mzima, Salma, nina digrii, nina watoto,” akasema. “Lakini likija jua kutua, nikiuona mkono ule, miguu yanitoka yenyewe. Juzi waliniita nikamkoshe. Mjukuu pekee. Nikakataa, nikasema siwezi. Waliomkosha wameniambia mkono ulikuwa umetakata, rangi moja na mwili. Miaka yote hii bila ya tanuri.”

Pale nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema, Raya, siku ile ulisema nabuni, na ulisema kweli. Lile jini halikusema kitu, nilisema mimi, kwa hasira ya kuumbuliwa. Aliacha kukosha. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko na hakuyafuta. Niliona anarudi nyuma mwaka hadi mwaka, kitanda hadi kitanda. Mwishowe akauliza, sauti ndogo, “Maandishi yenyewe yakisemaje?”

“Bonyeza kitufe uendelee,” nikasema. “Basi. Kila ukurasa, hayo hayo.”

Nikamtaka radhi, na mara hii kwa jina la kosa, neno kwa neno. Hakunijibu. Si nshakusamehe, si toka mbele yangu. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kuwaaga wageni waliobaki, na kila aliyetoka alimtilia chakula kwenye chombo alichokuja nacho, kwa kuwa kwenye khitma hatoki mtu mikono mitupu. Nami nilikuja na bakuli asubuhi, la tambi. Nikangoja mlangoni mpaka nikabaki wa mwisho. Akaniletea bakuli langu. Lilikuwa limekoshwa, limekaushwa, limefunikwa vizuri, na lilipofika mikononi mwangu halikuwa na uzito. Nikalipokea kwa mikono miwili.